Kibao cha jina kwa nyumba ya mapumziko msituni: mbao, chuma, jiwe au plastiki?

Anayejenga nyumba ya mapumziko pembeni mwa msitu wa Kibale nchini Uganda, ndani ya Mabira au kule Ruhija kwenye ukungu wa Bwindi, kibao cha jina hukikumbuka mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha na mgeni wa kwanza yuko njiani. Anaingia karakana ya kwanza anayoikuta, anachagua sampuli inayong'aa kuliko zote, na baada ya misimu michache ya mvua herufi zimemeguka au kutu imechora michirizi hadi kwenye rangi ya ukuta. Mara nyingi fundi hana kosa. Kibao kilichaguliwa kwa macho ya karakana, kikapelekwa mahali ambapo hakuna aliyepapima.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na mahali, ndipo unafika kwenye malighafi. Ubao wa mfenesi unaodumu chini ya paa la baraza huchakaa upesi ukisimamishwa njiapanda, na bati lililopakwa rangi, zuri kabisa kando ya barabara, linaharibu sura ya mlango wa nyumba ya magogo.

Vibao vitatu, kazi tatu

Nyumba nyingi za msituni zinahitaji vibao viwili au vitatu: kimoja pale barabara ya lami inapoachana na ya murram (changarawe), kimoja langoni, na kimoja kando ya mlango.

Cha njiapanda ndicho kinachofanya kazi ngumu, na ndicho watu wanachokibania fedha. Vijijini Uganda nyumba nyingi hazina namba, mtandao wa simu hukatika ndani ya miti, na mgeni huletwa na dereva wa kukodi au wa bodaboda ambaye naye hajawahi kufika. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linakata mita 11 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde nne na nusu za kuona, kusoma na kupunguza mwendo, lazima asome akiwa bado umbali wa mita 50. Kanuni inayotumika kwa vibao vya barabarani ni herufi ya milimita 25 kwa kila mita 9 hivi za umbali, kwa hiyo herufi ya njiapanda iwe na kimo cha milimita 140 angalau. Barabara ikiwa ya kasi ya kilomita 60, panda hadi milimita 200. Kwenye murram ambako pikipiki inajikokota kwa kilomita 25, milimita 90 zinatosha.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua urefu wa jina. Kila herufi kubwa, pamoja na nafasi yake, huchukua upana wa robo tatu ya kimo chake. "KIVULINI" ina herufi nane: 8 × 0.75 × 140 ni milimita 840, ongeza ukingo wa milimita 100 kila upande, unapata kibao cha mita moja na kidogo. Sasa jaribu "NYUMBA YA MAPUMZIKO YA KIVULINI" kwa kimo hichohicho: utahitaji zaidi ya mita 3, kitu ambacho hakuna nguzo mbili za kawaida zitakibeba vizuri. Weka jina pekee kwa herufi kubwa, maelezo mengine kwa nusu ya kimo chini yake, kisha mshale na umbali. Namba ya simu iache: hakuna anayeisoma akiwa mwendoni, na ikibadilika kibao kizima kinakuwa uongo.

Unene wa mstari wa herufi uwe kati ya sehemu ya tano na ya saba ya kimo. Herufi nyembamba za mwandiko wa mkono, zile zinazopendwa sana kwenye sampuli, zinapotea kabisa kwenye kivuli. Kivulini pia kahawia juu ya kahawia haisomeki. Herufi za krimu au nyeupe juu ya kijani kilichokolea au kahawia iliyokolea ndizo zinazoshika jicho, na hazitii doa mandhari.

Langoni mgeni ameshapunguza mwendo, herufi za milimita 50 hadi 70 zinatosha. Mlangoni milimita 30. Hapa ndipo pa kuweka urembo wote: mchoro wa tumbili, jina la familia, mwandiko wa kisanii.

Maji yasiyoondoka

Mvua yenyewe si adui mkubwa wa kibao. Kibao kilicholowa saa nzima kisha kikapigwa na jua na upepo hudumu. Kinachoua msituni ni unyevu usiokauka: kivuli cha mchana kutwa, majani yanayodondosha maji saa nyingi baada ya mvua kuisha, na ukungu wa asubuhi kwenye sehemu za juu kama Ruhija, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Magharibi mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba, kwa hiyo hata muda wa kukauka kati ya msimu na msimu ni mfupi.

Uwazi nao una taabu yake. Karibu na ikweta, ukuta wa mashariki na wa magharibi hupigwa na jua kila siku ya mwaka. Wa kaskazini na wa kusini hupokezana, kila mmoja nusu mwaka. Lakini jua la adhuhuri halishuki chini sana, hivyo paa lililotokeza sentimita 60 linatia kivuli cha adhuhuri zaidi ya mita moja ya ukuta wa kaskazini au wa kusini chini yake. Ukiwa na hiari, kibao cha mlangoni kiweke hapo. Vanishi na rangi vitakushukuru.

Njia ya kupima mahali ni rahisi. Angalia gome la miti na mawe yaliyo karibu na pale unapotaka kusimamisha kibao. Yakiwa na kuvu la kijani hadi kimo cha kifua, mbao haina nafasi hapo isipokuwa uijengee kipaa, na chuma kisichopakwa vizuri kitaliwa.

Mbao

Hii ndiyo inayotakwa na wengi, na ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya nzuri na mbovu. Mtu akikwambia "kibao cha mbao" hajakwambia kitu mpaka ataje mti.

*Mvule* ndio kipimo cha wengine wote. Kiini chake kinastahimili mchwa na kuoza, hakijikunji sana, na kinaanza na rangi ya njano-kahawia kisha kinaiva. Ina kasoro tatu. Kwanza, sehemu ya nje ya gogo yenye rangi hafifu haina uimara huo hata kidogo, na wauzaji huichanganya. Ukiona ubao una ukanda mweupe pembeni, ukanda huo ukatwe wote. Pili, ndani ya mvule mara nyingine mna vijiwe vya chokaa vinavyovunja ncha ya tindo na ya mashine, na vumbi lake linawasha pua na ngozi, kwa hiyo fundi avae barakoa. Tatu, ni mti unaolindwa. Usinunue mvule usio na karatasi za kuonyesha ulikotoka na kibali cha kuusafirisha. Hifadhi kuu za misitu ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, na ubao wa magendo unaweza kunaswa njiani pamoja na gari.

*Mfenesi* ndio tunaoupendekeza kabla ya mvule. Unapandwa mashambani kote Buganda, haukatwi msituni, kiini chake cha njano kinastahimili mchwa na kuvu, na unachongeka vizuri. Njano hiyo inageuka kahawia ikipigwa na mwanga, kwa hiyo usichague rangi ya herufi kwa kuangalia ubao mbichi. Shida yake ni upana: kupata kipande cha sentimita 40 kisicho na fundo si rahisi, na mara nyingi utaunganisha mbao mbili.

*Mkangazi*, yaani mahogani, ule wa jamii ya miti mikubwa ya msitu wa Budongo, una sura ya kifahari na tindo inaupenda, lakini mchwa nao wanaupenda. Ni wa mlangoni chini ya paa tu. *Musizi* ni mwepesi na wa bei nafuu, na nje unaoza, usiupe kibao. *Msonobari* usiotiwa dawa vilevile, na mafundo yake hutoa utomvu unaosukuma rangi itoke. *Mkaratusi*, kalitunsi wa mtaani, hupasuka na kujipinda ukikauka. Kazi yake ni nguzo, iliyotiwa dawa. *Msanduku* uko katikati: harufu yake haiwapendezi wadudu wengi, kiini chake ni kigumu kiasi, lakini umejaa mafundo.

Ndeeba, Kampala, ndiko mbao nyingi zinakouzwa, na nyingi zinauzwa mbichi. Ubao mbichi ukichongwa leo, utapasuka kesho katikati ya herufi, kwa sababu pale ndipo umekonda. Kipimo kisichohitaji kifaa cha gharama: pima uzito wa ubao kwenye mizani, uupange kivulini penye upepo huku vijiti vikitenganisha mbao, upime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Ubao uliokaushwa Kampala na kupelekwa Kibale utavuta unyevu tena na kuvimba, na hilo ni la kawaida. Ndiyo maana matundu ya skrubu hayafanywi ya kubana.

Unene uwe milimita 40 kwa kibao cha nje, 25 kwa cha mlangoni. Usitumie ubao uliokatwa katikati kabisa ya gogo, wenye moyo wa mti. Huo hupasuka siku zote. Kibao kinachozidi sentimita 30 kwa upana kifanywe kwa mbao mbili zilizoachana milimita 4, zikishikwa nyuma na papi mbili. Ubao mmoja mpana hujikunja, na ule uliogandishwa kwa gundi ya kawaida huachia kwenye mstari wa gundi.

Kuhusu kuchonga, chaguo ni mkono, mashine inayoongozwa na kompyuta, au kuchoma kwa moto. Mkono unatoa uhai ambao mashine haitoi, lakini uone kazi ya fundi kwanza, hasa herufi zenye duara. Mashine inatoa usawa, na faili lake linakaa, hivyo unaweza kurudia kibao hichohicho miaka baadaye. Kina cha herufi kiwe milimita 6 hadi 10. Chini ya hapo, msasa wa matengenezo ya baadaye utaila. Herufi za kuchomwa kwa moto zinapendeza siku ya kwanza, na juani zinafifia hadi kijivu kama ubao wenyewe. Ziache ndani ya nyumba.

Sasa rangi, ambako kazi nyingi nzuri huharibika. Utaratibu ni huu. Futa ubao kwa asetoni au spiriti, kwa kuwa mvule una mafuta yake yanayozuia rangi na vanishi kukauka. Paka kizibo cha mbao (sanding sealer, kimiminika cha kuziba vinyweleo) ndani ya herufi na uso mzima, la sivyo rangi itafuata nyuzi na ukingo wa herufi utaonekana una manyoya. Kikikauka, jaza herufi rangi mara mbili bila kuhangaika na inayomwagika kando. Baada ya siku mbili piga uso msasa namba 120. Rangi ya kando yote inaondoka, herufi zinabaki na kingo kali. Ndipo unamalizia uso mzima.

Kumalizia kwa nini? Vanishi inafanya ngozi ngumu. Juani ngozi hiyo hupasuka, maji huingia chini yake na kukosa pa kutokea, na ubao huwa mweusi kwa mabaka. Kuirekebisha ni lazima ukwangue yote. Ukitaka vanishi, iwe ya mashua, yenye kinga ya jua, tabaka nne au zaidi, na kibao kiwe chini ya paa. Mafuta ya kupenya hayatengenezi ngozi: yanafifia polepole, na unaongeza tu juu yake kila baada ya miezi 6 hadi 12 bila kukwangua. Lakini mafuta ya mbegu za kitani peke yake, kwenye kivuli chenye unyevu, ni chakula cha ukungu mweusi. Nunua yaliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Na matambara uliyofutia mafuta hayo usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye maji.

Vichwa vya ubao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa maji mara nyingi zaidi ya uso. Vipake mara tatu. Ukingo wa juu uchongwe mteremko wa kama digrii 15 maji yasikae, na chini uachiwe mfereji mdogo wa matone.

Chuma na alumini

Kwa njiapanda, hapa ndipo fedha yako iende. Mafundi wa Katwe wanakata na kuchomelea karibu kila kitu, na bamba la futi 4 kwa 8 linatoa vibao vya kutosha nyumba nzima.

Chuma cha kawaida cha milimita 3 ni imara na cha bei nafuu, na kitaoza kwa kutu mahali rangi itakapopasuka. Maandalizi ndiyo yote: ondoa ngozi ya kiwandani na kutu hadi chuma king'ae, paka praima ya zinki siku hiyohiyo, kisha rangi mbili. Kingo kali hazishiki rangi, kwa hiyo zizungushwe kidogo kwa grenda. Rangi ya poda inayookwa kwenye tanuri la nyuzi joto 180 hadi 200 hudumu kuliko ya brashi, mradi mashimo yote yatobolewe kabla ya kuokwa. Shimo la baadaye ni mlango wa kutu.

Bamba la mabati linaahirisha kutu, ila rangi ya kawaida hubanduka juu yake kama ngozi ya kitunguu. Linahitaji praima maalumu ya mabati. Na popote lilipochomelewa zinki imeungua. Pakwe rangi ya zinki tena. Moshi wa zinki unaleta homa, fundi afanye kazi penye hewa.

Kuna mtindo wa chuma kinachoachwa kipate kutu makusudi. Kwenye nchi kavu kutu hiyo hujifunga na kulinda chuma. Msituni hakikauki, hivyo kutu haifungi, inaendelea kula na kuchirizika ukutani. Usikubali.

Herufi zilizokatwa kutoboa bamba zinavutia sana zikiwa na mwanga nyuma. Kumbuka herufi A, B, D, O, P na R zina kisiwa ndani, kitaanguka kisipoachiwa daraja. Omba mchoro wenye madaraja. Mashine ya kukatia kwa plasma huacha mkato mpana na makombo ya kusafisha, kwa hiyo herufi chini ya milimita 50 zipelekwe kwenye leza.

Chuma cha pua hakihitaji rangi, lakini kinameremeta, nacho ni ghali. Kwa mlangoni, kisuguliwe kififie kidogo, kisiakisi. Alumini haina kutu nyekundu na ni nyepesi. Ubaya wake ni kwamba wauza vyuma chakavu wanaijua bei yake. Njiapanda isiyo na mlinzi, alumini nzito au shaba ni mwaliko kwa mwizi. Bamba la matabaka, yaani ngozi mbili nyembamba za alumini zenye plastiki katikati, halina thamani hiyo kwa mwizi, halijikunji wala halioti kutu, na kwetu ndilo linaloshinda kama uso wa kibao cha barabarani. Libebwe na fremu ya mirija ya chuma. Mirija hiyo izibwe juu na iwe na tundu la kutoa maji chini, maana mrija uliojaa maji huoza kwa ndani bila kuonekana.

Uzito wa kibao kimoja cha milimita 600 kwa 300 unaonyesha tofauti:

| Malighafi | Unene (mm) | Uzito wa takriban | Kinachoiharibu msituni |
|---|---|---|---|
| Mvule | 40 | kilo 4.7 | unyevu nyuma, vichwa vya ubao |
| Chuma | 3 | kilo 4.2 | kutu kwenye kingo na mashimo |
| Alumini | 3 | kilo 1.5 | wizi |
| Bamba la matabaka | 4 | kilo 1 | kingo kubanduka zikigongwa |
| Akriliki | 5 | kilo 1.1 | skrubu iliyobanwa mno |
| Granaiti | 20 | kilo 9.7 | gundi kuachia |

Jiwe

Jiwe halihitaji matunzo yoyote zaidi ya kusuguliwa kuvu, na langoni kwenye nguzo ya matofali linakaa vizuri. Ila granaiti nyeusi iliyong'arishwa yenye herufi za dhahabu inafanana na kaburi, na wageni husema hivyo kwa sauti. Chagua uso usiong'aa, rangi ya kijivu, herufi zilizochimbwa na kupakwa nyeupe. Lisiachiwe gundi peke yake: kilo 10 zinaning'inia, na ukuta wa msituni huwa na unyevu. Vijiti vinne vya chuma cha pua vilivyozamishwa kwenye epoksi ndivyo vinavyolishika.

Plastiki na stika

Akriliki inastahimili jua kuliko watu wanavyodhani. Hupasuka kwa sababu ya skrubu: shimo litobolewe pana kuliko skrubu kwa milimita 2 na skrubu isikazwe hadi mwisho, kwani plastiki hupanuka na kunywea. Nyani wakiwa jirani, uso wake utachubuka.

Stika za vinili zinazochapwa Nasser Road ni njia ya haraka. Zile zilizochapwa bila tabaka la kinga hupoteza nyekundu na njano kwanza, na picha hubaki ya samawati. Herufi zilizokatwa kwenye vinili yenye rangi yake yenyewe hudumu zaidi kuliko zilizochapwa. Ukichukua vinili inayorudisha mwanga wa taa za gari kwa jina na mshale, huhitaji umeme njiapanda.

Kukisimamisha

Msumari kwenye mti ulio hai ni jambo la kuacha kabisa. Mti hunenepa, huvuta kibao hadi kipasuke, na kidonda huingiza kuvu. Ndani ya hifadhi ya msitu kuharibu mti ni kosa kwa sheria ya misitu ya 2003. Ukilazimika kutumia mti ulio kwenye ardhi yako, ninginiza kwa mkanda mpana unaolegezwa kila mwaka.

Nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa huoza pale inapotoka ardhini. Chimba sentimita 60, weka kokoto sentimita 10 chini maji yapite, kisha zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na uso wa zege uinuke juu ya udongo ukiteremka kila upande. Ukiikata nguzo, upande uliokatwa uwe juu, kwa sababu dawa haifiki katikati. Vipande vilivyobaki visichomwe jikoni: dawa hiyo mara nyingi ina aseniki. Kando ya barabara, ukingo wa chini wa kibao uwe mita 1.5 au zaidi kutoka ardhini, kwani mabingobingo yatakimeza mvua ikianza, na hata hivyo mtu wa kufyeka apangiwe. Jirani ya Kibale au Bwindi tembo hujisugua kwenye nguzo. Mbili nene ni bora kuliko nne nyembamba.

Eneo la akiba la barabara lina wenyewe. Omba ruhusa kwa ofisi ya wilaya au wizara inayohusika kabla ya kuchimba. Ndani ya hifadhi ya taifa ruhusa ni ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, na kwenye hifadhi kuu ya msitu ni ya NFA.

Ukutani, acha nafasi ya milimita 15 nyuma ya kibao kwa kutumia vipande vya mrija, hewa ipite. Ukuta wa matofali unahitaji plagi na skrubu za milimita 60 zilizoingia kwenye tofali lenyewe. Lipu haishiki kitu. Ukuta wa magogo, skrubu ziingie kwenye gogo moja tu, maana magogo mawili hayasogei pamoja. Ukuta wa fito na udongo haubebi. Funga kwenye nguzo ya baraza. Skrubu ziwe za chuma cha pua. Za kawaida zikikutana na mbao nyingi huacha machozi meusi yasiyofutika. Kwa ubao, tundu moja liwe duara na la pili refu kufuata upana, lenye uhuru wa milimita 5.

Taa iwe hafifu, ya rangi ya njano, ikielekezwa chini. Taa nyeupe kali mwezi wa Novemba itakuletea wadudu waitwao nsenene, na baada ya mvua kumbikumbi, kisha mijusi na popo wanaowafuata, na kinyesi chao juu ya kibao.

Tungechagua nini

Nyumba ya Mabira iliyo ndani kutoka barabara kuu ya Kampala–Jinja: njiapanda bamba la matabaka lenye vinili ya kurudisha mwanga, herufi za milimita 200, mlangoni mfenesi. Visiwa vya Ssese, ambako mgeni anashuka kivukoni na kuchukua bodaboda: herufi za milimita 90 zinatosha kwenye murram, na mfenesi wenye kipaa unaweza kusimama langoni kwa kuwa upepo wa ziwa unakausha. Ruhija na sehemu nyingine za juu za Bwindi: mbao isitoke nje ya baraza, langoni chukua jiwe au chuma cha rangi ya poda. Bajeti ikiwa ya kibao kimoja tu, kiwe cha njiapanda. Mlangoni mgeni ameshafika.

Kabla fundi hajakata, chapa jina kwa ukubwa kamili kwenye karatasi, ulibandike kwenye kadibodi mahali penyewe na ulitazame ukiwa ndani ya gari saa kumi na mbili jioni. Kagua tahajia herufi kwa herufi, hasa majina yenye herufi mbili mfululizo kama Ssese na Tooro, ambayo kompyuta ya karakana hupenda kuyasahihisha. Chukua nakala ya faili la kukatia, na nyuma ya kibao andika kwa wino wa kudumu aina ya mbao, namba ya rangi na mafuta yaliyotumika, ili atakayekipaka tena asichanganye vitu visivyoshikana.